BAISIKELI SI ALAMA YA UNYONGE

Iko kasumba moja ambayo bado haijatutoka vichwani. Kasumba hiyo yasema kwamba mwenye baisikeli ni mtu aliyekosa nauli. Akipata fedha kidogo atanunua pikipiki, akipata zaidi atanunua motokaa, na siku hiyo baisikeli itatupwa uani kuku wailalie. Na kasumba hii ina pacha wake, asemaye kwamba kupanda baisikeli kwa kujifurahisha, kwenda mbali na kurudi bila mzigo wala shughuli, ni mchezo wa Wazungu na wa wenye nacho.

Ndugu wasomaji, yote mawili ni uongo, na uongo huo una hasara kubwa kuliko tunavyodhani.

Tazameni barabara kuu yo yote ya nchi yetu Jumapili asubuhi. Utamwona mmoja amevaa nguo za kubana, kofia ngumu kichwani, yu juu ya baisikeli nyepesi ya mashindano. Watoto wampungia mkono, na dereva wa basi ampisha, maana adhani huenda ni mtu mkubwa. Nyuma yake yuaja mwingine, amepakia magunia mawili ya mkaa juu ya baisikeli ya chuma. Huyu hapishwi. Huyu apigiwa honi mpaka ashuke kwenye mchanga. Barabara ni ile ile, magurudumu ni mawili yale yale, na jasho ni lile lile. Basi tofauti i wapi? Tofauti ni kwamba mmoja twamhesabu kuwa apenda, na mwingine twamhesabu kuwa hana la kufanya.

Hoja yetu ni hii. Siku mtu wa kawaida atakapoanza kupanda baisikeli yake kwa mapenzi, pamoja na wenzake, hadharani, ndipo baisikeli itakapopata heshima, na ndipo sauti ya wenye baisikeli itakaposikika barabarani na katika mabaraza. Anayepanda kwa shida tu hujificha. Anayepanda kwa furaha hudai nafasi yake.

Wako watakaosema kwamba tumeota ndoto. Basi na tuwapeleke Asmara, mji mkuu wa Eritrea.

Waitaliani waliitawala Eritrea tangu mwaka 1890 hadi 1941. Walikuja na baisikeli zao na mashindano yao, lakini waliwafungia Waafrika mlango. Mwafrika hakuruhusiwa kushindana nao. Ilisemwa kwamba hana nguvu wala akili ya mchezo huo. Mwaka 1939 yakafanywa mashindano ya majaribio, Waeritrea wakashindanishwa na Waitaliani. Aliyeshinda alikuwa Mweritrea, Ghebremariam Ghebru. Maneno yote ya kwamba mtu mweusi hawezi yakaanguka barabarani mchana kweupe. Mwaka 1946 yakaanzishwa mashindano ya kuizunguka nchi, na baadaye mchezo huo ukawa mali ya wananchi wenyewe.

Lakini siri ya Asmara haimo katika mashindano peke yake. Siri yake ni kwamba mji mzima hupanda. Mzee aliyevaa koti na tai huenda kunywa kahawa kwa baisikeli, na hakuna amwambiaye kwamba ameishiwa. Baba huenda kazini nayo, na jioni mwanawe huichukua akajaribu vilima. Kutoka katika mitaa ya namna hiyo alitoka Daniel Teklehaimanot, ambaye mwaka 2015 alivaa fulana ya mfalme wa milima katika Tour de France. Na kutoka Asmara hiyo hiyo alitoka Biniam Girmay, aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye mwaka 2024 alishinda hatua 3 za Tour de France na kurudi nyumbani na fulana ya kijani. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja ya mashindano hayo kabla yake.

Je, Girmay aliangushwa na mbingu? La hasha! Mti hauchipui juu ya jiwe. Alichipuka katika udongo wa watu wanaopenda baisikeli kila siku.

Sasa turudi kwetu. Je, sisi hatukuwa na udongo huo? Tulikuwa nao. Mwalimu wa shule, karani, mkulima wa pamba na wa kahawa, kila mmoja katika siku za ukoloni alijiwekea akiba miezi mingi ili anunue baisikeli, na siku ilipofika nyumbani kijiji kizima kilikuja kuitazama. Katika miaka ya 1950, wengi waliopeleka habari za uhuru toka kijiji hadi kijiji hawakuwa na motokaa. Walikanyaga pedeli, mara juani, mara matopeni, kadi za wanachama zikiwa ndani ya mfuko wa nguo. Baada ya uhuru ukaja wakati baisikeli za jina la Swala zikaundwa hapa hapa nchini. Mtu aliyekuwa na baisikeli inayong'aa, yenye kengele na taa ya dinamo, alitembea kifua mbele.

Heshima hiyo tumeiacha wenyewe. Hatukunyang'anywa na mtu. Tulianza kuionea haya baisikeli, na kitu ukikionea haya huwezi kukitetea.

Angalieni majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1985 alizaliwa Nairobi mtoto wa wazazi wenye asili ya Uingereza, Chris Froome. Aliyemfundisha kupanda vilima alikuwa Mwafrika wa Kikuyu, karibu na Nairobi, David Kinjah, ambaye amewalea vijana wengi wa kijijini kwa baisikeli za kuungaunga. Froome aliiwakilisha Kenya, kisha mwaka 2008 akahamia Uingereza, na baadaye akashinda Tour de France mara 4: mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Hatumlaumu Froome. Twauliza tu: kama mwalimu tulikuwa naye, na vilima tulikuwa navyo, ni nini tulichokosa? Tulikosa kuamini kwamba kazi ya Kinjah ni kazi ya maana.

Na Rwanda? Mashindano ya kuizunguka Rwanda yalianza mwaka 1988. Leo watu hupanga mistari kando ya barabara, vilima kwa vilima, kuyashangilia. Mwezi Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanywa katika bara la Afrika. Wakubwa wa mchezo huo kutoka Ulaya walikuja kuhema katika vilima ambavyo mwanakijiji wa Rwanda huvipanda na mikungu ya ndizi nyuma yake.

Hapa tutasikia kilio cha kwanza: "Ndugu, mchezo huu ni wa ghali. Baisikeli za wenzetu zina bei ya gari." Kweli zipo za namna hiyo. Sheria ya mashindano ya kimataifa yasema baisikeli isipungue uzito wa kilo 6.8, na watu humwaga fedha nyingi ili waukaribie uzito huo. Lakini wewe hushindani na Girmay. Baisikeli ya chuma ya kutoka China au India, ile ambayo huenda iko uani kwako sasa hivi, ina uzito wa kilo 20 hivi, na yatosha kabisa kukupeleka mbali. Katika barabara ya tambarare, ukiisha kufikia mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kinachokula nguvu zako nyingi ni upepo, wala si uzito wa chuma. Na upepo hauulizi bei ya baisikeli.

Kinachowachosha wengi ni uzembe wa kutoitunza baisikeli. Basi na tuseme wazi mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kiti. Wengi wetu huketi chini mno, magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu, kisha tukasema baisikeli yaumiza. Keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka. Ukisha kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama ipasavyo, goti litakunjika kidogo tu. Hicho ndicho kimo chako. Kazi hiyo yataka spana moja na dakika tano.

Pili, magurudumu. Upepo ukiwa haba, kila kilomita yawa mbili. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Fundi wa mtaani ana pampu yenye kipimo. Jaza kabla ya kila safari ndefu.

Tatu, mnyororo. Ufute vumbi kwa kitambaa, utie mafuta kidogo, kisha ufute tena yaliyozidi, maana mafuta mengi hushika mchanga na mchanga hula chuma. Ukitaka kujua kama umechoka, chukua rula. Pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, ubadilishe, la sivyo utakula na meno ya gurudumu la nyuma, na hapo gharama itakuwa mara mbili.

Nne, breki. Baisikeli nyingi za zamani zina ringi za chuma cha kung'aa. Ringi hizo zikilowa mvua hazishiki vizuri. Ikinyesha, punguza mwendo mapema, gusa breki kidogo kidogo ili maji yafutike, wala usimfuate mwenzako karibu.

Hayo ndiyo mambo makubwa. Chukua pia mpira wa akiba, gundi na viraka, pampu ndogo, maji ya kutosha, na kofia ngumu kama waweza kuipata. Nguo za kubana si sharti. Suruali yako fupi yafaa.

Baada ya kutunza, kusafiri. Usianze na safari ya kujivunia. Anza na kilomita 15 asubuhi ya Jumapili, wiki ya pili 20, wiki ya tatu 30. Mkazi wa Dar es Salaam aweza kuvuka kwa pantoni hadi Kigamboni akafuata njia ya pwani kuelekea kusini, penye minazi na upepo wa bahari. Anayetaka kujaribu mapafu yake na aende Pugu hadi Kisarawe, apande vilima. Na aliyekwisha kukomaa na aende Bagamoyo, yapata kilomita 70. Akitoka saa kumi na mbili asubuhi kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, atafika kabla ya jua la saa sita. Ale samaki, apumzike, alale huko, arudi kesho yake. Mkazi wa Moshi ana njia ya Marangu, mkazi wa Morogoro ana Uluguru mbele yake, mkazi wa Mwanza ana ziwa. Hakuna wilaya isiyokuwa na njia nzuri. Na katika miaka ya karibuni wako wananchi waliotoka Dar es Salaam wakapanda baisikeli mpaka Butiama, zaidi ya kilomita 1,000, kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Hao si malaika. Walianza na kilomita 15.

Lakini msiende peke yenu. Kupanda kwa kundi kuna hekima yake. Aliye mbele huukata upepo, na walio nyuma yake hupumua. Baadaye wa mbele hurudi nyuma, mwingine akashika zamu. Kundi linalopokezana hivyo hufika mbali kuliko mwenye nguvu aendaye peke yake. Sheria ya kundi ni moja: wa mwisho asiachwe. Anayekimbia ili aonekane, akamwacha mwenzake na pancha porini, huyo hajaelewa maana ya safari.

Na kundi hilo lisiwe la wanaume tu. Katika nyumba nyingi baisikeli ni ya baba na ya kaka, na mama hubeba maji kichwani huku baisikeli imeegemezwa ukutani. Tukimwona binti amepanda, tunaanza maneno. Kwa nini? Mguu wa mwanamke haukanyagi pedeli? Huko Kigali mwaka 2025 wanawake walishindana vilima vile vile, na kwa mara ya kwanza wasichana wenye umri chini ya miaka 23 walipewa mbio zao wenyewe za barabarani katika mashindano ya dunia. Binti anayejua baisikeli huenda shule ya mbali bila kungoja huruma ya dereva. Mama anayejua baisikeli hufika zahanati. Tumfundishe kwanza kwa furaha, manufaa yatafuata.

Sasa tuseme lililo zito. Barabara zetu huua. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki. Hawa ndio watu wasiokuwa na bati la kuwakinga. Hawa ndio sisi.

Mara nyingi barabara ikijengwa, lami huishia pale pale inapoishia njia ya magari. Pembeni ni mtaro au mchanga. Mwenye baisikeli aambiwa akae pembeni, na pembeni hakuna kitu. Na hata palipojengwa njia yake haimfikii. Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, ilijengewa njia za baisikeli. Nenda ukazitazame: hapa pikipiki, pale meza ya biashara, mbele gari limeegeshwa. Hatumchukii mchuuzi, naye atafuta riziki. Lakini njia hiyo inavamiwa kwa sababu moja: wenye haki yake hawaonekani. Njia isiyopitwa huota nyasi.

Hapo ndipo mapenzi ya baisikeli yanapokuwa jambo la siasa, katika maana njema ya neno hilo. Watu 40 wakipita njia hiyo kila Jumapili, wanaume kwa wanawake, mwalimu, fundi, muuza mkaa na karani, hakuna atakayeegesha gari lake hapo kwa starehe. Diwani atawaona. Mhandisi anayechora barabara mpya atawakumbuka. Jiji la Kigali lilianza mwaka 2016 kutenga siku za kufunga baadhi ya barabara kwa magari, wananchi wakapita kwa miguu na kwa baisikeli. Kama mji wa vilima umeweza, miji yetu ya tambarare ina udhuru gani?

Basi twadai mambo matatu kwa halmashauri zetu. Kila barabara mpya iwe na nafasi ya lami ya mwenye baisikeli na ya mwenda kwa miguu. Njia zilizopo zisafishwe na zilindwe. Na kila mji ujaribu asubuhi moja ya Jumapili kwa mwezi, barabara moja tu, bila magari.

Kwa madereva twadai jambo moja: unapompita mwenye baisikeli, mwachie nafasi ya mita moja na nusu, au ungoje. Dakika utakayoipoteza haina thamani ya maisha ya mtu.

Na kwa wapanda baisikeli wenyewe hatutafunga kinywa. Adai haki atimize wajibu. Shika upande wako wa kushoto. Usipande kinyume cha magari. Usiku weka taa mbele na kitu chekundu chenye kung'aa nyuma. Nyosha mkono kabla ya kukata kona. Usizibe masikio kwa muziki penye malori. Mtu mmoja anayepita kiholela huwachafulia jina wenzake mia.

Mwisho, tuseme na ninyi mnaosoma ukurasa huu. Msingoje mfadhili, wala msingoje baisikeli ya Ulaya. Katika mtaa wako wako watu wasiopungua kumi wenye baisikeli. Watafute wiki hii. Mwiteni fundi wa mtaa awe mwalimu wenu, maana yeye ajua kusuka gurudumu kuliko kitabu cho chote. Mwiteni yule muuza mkaa pia, naye apumzike mzigo wake siku moja, apande baisikeli tupu, aone wepesi wake. Chagueni njia, chagueni saa, tokeni pamoja.

Siku akina muuza mkaa watakapopita barabarani kumi, ishirini, thelathini, kengele zikilia, dereva wa basi atapisha. Hatapisha kwa kudhani ni wakubwa. Atapisha kwa kujua ni wenye barabara.